Mlango Usiofunguka: Tulivyoicheza Riven Hanga

Kwa wapenzi wa magemu ya zamani kuna ubishi usioisha kuhusu Riven. Wapo wanaosema ni mwendelezo uliompita mzazi wake, Myst. Wapo wanaosema ni gemu zuri la kutazama lakini gumu la kuudhi, limetengenezwa na watu ambao hawakutaka mchezaji alimalize. Nimesoma maoni ya pande zote mbili, na kila nikisoma naona kuna jambo linarukwa. Labda ni kwa sababu wengi wanaobishana hawakukulia mkoa wa Ruvuma.

Kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, nieleze kidogo. Myst ilitoka mwaka 1993, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Rand na Robyn Miller, na kampuni yao ndogo ya Cyan. Humo hakuna kupigana risasi wala saa inayokukimbiza. Unabofya picha moja baada ya nyingine kwenye kisiwa kisicho na watu, unasoma vitabu, unafumbua mafumbo. Ikauza nakala zaidi ya milioni 6, kwa miaka ile halikuwa jambo dogo. Mwendelezo wake, Riven, ukatoka tarehe 31 Oktoba 1997 kwenye CD 5. Ukitoka kisiwa hiki kwenda kile, unachomoa CD moja unaweka nyingine. Malalamiko ya kwanza ya wachezaji yalianzia hapohapo.

Mbona naleta habari ya gemu mbele ya watu wa vitabu? Kwa sababu katika hadithi hii chombo cha kusafiria ni kitabu. Kuna watu wenye elimu ya kuandika kitabu ambacho, ukiweka kiganja juu ya picha iliyomo, kinakufikisha kwenye dunia iliyoelezwa humo. Gehn ni mtu aliyejifunza elimu hiyo nusunusu. Hatungi, ananyofoa sentensi kwenye vitabu vya kale na kuziunga, ndiyo maana dunia zake zote zinaoza. Tena hazipi majina, anazipa namba. Riven kwake ni ya Tano, basi. Wenyeji wa visiwa vile amewaaminisha kwamba yeye ndiye aliyewaumba. Mwanawe, Atrus, alimnasa humo miaka mingi nyuma. Sasa Atrus anakutuma wewe mchezaji uende ukamtoe mkewe, Catherine, aliyeshikwa na Gehn, na Gehn mwenyewe umtie gerezani.

Sisi tuliicheza Hanga, watatu. Hanga wengi wanaijua kwa abasia ya Wabenediktini, iliyoanza mwaka 1957, na kwa kengele zake zinazogawa siku vipande vipande. Toleo la zamani la Riven tulilinunua mtandaoni, na bei yake haikuwa tatizo. Bando ndilo lililotutoa jasho. Laptopu ilikuwa yangu. Wachezaji wenzangu walikuwa mdogo wangu wa kike, aliyekuwa likizo ya chuo, na mzee mmoja jirani yetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye alikuja mara ya kwanza kuchaji simu tu, akaona picha kwenye kioo, akavuta kigoda.

Mdogo wangu alikuwa na maoni yake ndani ya nusu saa.

"Kaka, hii dunia imekufa? Watu wako wapi?"

Watu wapo. Mlinzi wa kwanza unayekutana naye anakusemesha kwa lugha usiyoijua, na chini ya kioo hakuna tafsiri. Ukifika kijijini, vibanda vimeng'ang'ania ukingo wa mwamba juu ya maji, moto unawaka, vyombo viko nje, yaani unajua kabisa kwamba dakika moja iliyopita palikuwa na mtu. Kuna mtoto anakuona njiani anakimbia. Kuna mlinzi juu ya mnara anawapa wenzake ishara kwamba umekuja. Unagonga mlango, na hakuna anayekukaribisha ndani.

Hili ndilo lalamiko kubwa la upande wa pili: kwamba Riven ni baridi, haina mtu wa kuzungumza naye, haikushiki mkono. Wanaoipenda wanajibu kwamba upweke ndio utamu wake. Mimi nawaona wote wanaongea kana kwamba ukimya ule ni hali ya hewa tu, kama ukungu. Kumbe ukimya ule una watu ndani yake. Mgeni ametokea asikojulikana, amevaa tofauti, anashikashika mitambo ya bwana mkubwa. Kwani wewe ungefungua?

Mzee wetu yeye hakulalamika kabisa. Alisema bao nalo halina maelezo. Una mashimo 32 na kete 64 mbele yako, na hakuna mtu atakayekaa akueleze namua na mtaji mpaka umekaa nyuma ya wanaocheza, umetazama, umenyamaza. "Mtoto akitaka aelezwe kila kitu kabla hajacheza, huyo hataki kucheza," akasema. Nilipomwambia kuna watu mtandaoni wanaandika majibu yote ya mafumbo, hatua kwa hatua, alinitazama kama nimemwambia kuna watu wanaoajiri wenzao wawalie chakula.

Lakini kilichomshika mwalimu kilikuwa chumba kimoja. Kijijini pale kuna darasa la watoto, na ndani yake kuna mwanasesere wa kufundishia namba. Kuna sanamu ndogo ya mtu imening'inizwa, na chini yake mnyama wa majini amepanua kinywa. Unazungusha, inatokea alama ya namba, na mtu yule anashuka hatua kadhaa kumwelekea mnyama. Unahesabu hatua, unajua alama ile ni ngapi. Unazungusha tena. Mwisho mtu anafika mdomoni. Na ukitoka nje ukatazama majini, unakiona chombo chenyewe kimesimama pale, kikubwa: mti wa kunyongea. Mwanasesere wa darasani ni mfano wake.

Kama fumbo, chumba kile ni kazi safi sana. Hesabu za Gehn ni za mafungu ya 25. Mwanasesere anakupa alama za 1 hadi 10 tu, zilizobaki ujipatie mwenyewe kwa akili. Alama ya 1 ni mstari uliosimama. Ukiulaza inakuwa 5. Ukiweka 1 juu ya 5 unapata 6, kama msalaba. Mwalimu alipoligundua hilo alipiga paja. Alichukua daftari akaandika zote mpaka 24, akatupa zoezi mimi na mdogo wangu kana kwamba tumerudi la tano. Bila namba zile huwezi kumaliza gemu. Kuna mipira ya mbao imefichwa visiwani kama macho. Ukiuzungusha mmoja unasikia sauti ya mnyama, nyuma yake pana namba, na namba hizo ndizo zinazokuambia ubonyeze mawe kwa mpangilio gani, kati ya mawe 25. Hapo ndipo wachezaji wengi walipokwama mwaka 1997, na hapo ndipo wengi walipoamua kulipenda au kulichukia gemu hili.

Kisha mwalimu akafunga daftari na kusema jambo ambalo sijalisoma kwenye maoni ya mchezaji yeyote. "Huyu bwana anawafundisha watoto kuhesabu kwa kuwanyonga wazazi wao."

Tulikaa kimya. Songea mjini, pale Mahenge, kuna Makumbusho ya Taifa ya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale viongozi na wapiganaji wa Kingoni, na wengi wao wamelala katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, aliuawa katika siku hizohizo, na mpaka leo ukoo wake unatafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale mwezi Novemba 2023 akaomba msamaha. Mtoto wa shule wa mkoa huu hupelekwa makumbusho yale na darasa lake, anahesabu majina ukutani, anarudi kuandika insha. Kwetu kuhesabu na mti wa kunyongea vilishakutana zamani.

Kwa hiyo sikubali Riven iitwe gemu gumu bila sababu. Ugumu wake una maana. Inakulazimisha uingie darasa la mtawala, ukae kwenye kiti cha mtoto aliyetawaliwa, ujifunze kwa kifaa kilekile kilichotengenezwa kumtisha. Huna njia nyingine ya kuijua dunia ile. Ukichukua majibu mtandaoni unaingiza namba, mlango unafunguka, na hujawahi kuwa mwanafunzi wa Gehn hata dakika moja. Umekuwa mtalii.

Hata hivyo nina ugomvi wangu na Riven, nao hautokani na ugumu. Ukifuata njia njema ya mwisho, Gehn ananaswa, Catherine anatoka, watu wanahamishwa kabla dunia yao haijasambaratika. Nani amefanya hayo? Mgeni. Mtu aliyeshushwa pale juzi, asiyejua hata salamu yao. Wanakijiji wamebomoa nini? Wamekufa wangapi? Jina la hata mmoja wao aliyenyongwa hulipati. Gemu linamwona mtawala vizuri sana, mpaka kiburi chake cha kuvuta kiko na kusimulia alivyobadilika. Lakini waliotawaliwa linawaacha nyuma ya mlango. Songea hakuja mgeni kutuokoa. Tulishindwa vita, tukabaki na majina, na kila Februari majina yanasomwa.

Mdogo wangu hakukubali. Wakati huo alikuwa ameshaacha kulalamika kuhusu upweke, sasa ndiye aliyekuwa akituamsha tucheze.

"Kaka, unamhesabu Catherine upande gani? Si mtoto wa palepale?"

Ni kweli, Catherine kazaliwa Riven. Alikuwa mwanafunzi wa Gehn, katika ile ile elimu yake ya kuandika. Akaolewa na Atrus, akaondoka, akarudi. Na katika hadithi yeye ndiye aliyewaandikia waasi dunia yao ya kukimbilia, ambayo Gehn hawezi kuifikia. Hoja ya mdogo wangu ilikuwa hii: mgeni anafungua tu milango ya mwisho, kimbilio lenyewe limeandikwa na binti wa kijiji, kwa kalamu aliyoichukua mezani kwa mtawala. Mwalimu akacheka, akasema hata sisi herufi tunazoandikia historia ya Majimaji hatukuzitoa Ungonini.

Hoja ina uzito, na kwa mtu wa fasihi ina uzito maradufu. Gehn alinakili bila kuelewa, dunia zake zikaoza. Catherine alijifunza kwake, akaandika cha kwake, watu wakapata pa kuishi. Ila bado nasema: ningependa kumsikia mwanakijiji mmoja akisema jina lake. Mmoja tu. Hapo mimi na mdogo wangu hatujapatana mpaka leo, na sioni kama kuna haja.

Mwaka 2024 Cyan walilitengeneza upya gemu lote, sasa unatembea ndani yake kwa uhuru, na mafumbo kadhaa yamebadilishwa. Ubishi ukafufuka. Wazee wa mwaka 1997 wengine wanasema picha zile zilizosimama zilikuwa na uzito ambao mwendo umeuondoa. Vijana wanasema angalau sasa panachezeka. Binamu yangu, fundi simu Songea mjini, alilijaribu kwa rafiki yake mwenye kompyuta ya maana, akaniletea maoni yake kwa sentensi moja: "Ni zuri, ila bado hawafungui milango." Nilifurahi kusikia hivyo.

Ukiniuliza basi niko upande gani, niko na wanaosema Riven imeipita Myst. Myst ni nyumba nzuri ya mafumbo. Riven ni nchi ya watu, na watu hao wana sababu ya kukuogopa. Icheze taratibu, na daftari pembeni. Ukikwama, usikimbilie majibu. Rudi darasani, zungusha yule mwanasesere, hesabu hatua. Na unapohesabu, kumbuka anayeshuka pale alikuwa mzazi wa mtu.