Isome Pampu Kwanza, Mjomba

Mjomba,

Mama yako hapa Muheza kanieleza kwamba mota ya kompresa yako pale Jangwani imeungua, na Kariakoo umeshaonyeshwa nyingine: hospawa 3, nyepesi, bei nafuu, na muuzaji anaisifu kwa kasi. Hiyo kasi ndiyo inayonitia wasiwasi. Usitoe hela bado.

Mwenye kudai hapa ni pampu. Tazama kibati chake, kinasema izunguke mara ngapi kwa dakika. Tuseme 700. Pima gurudumu lake, lile lenye mapanga. Tuseme milimita 300. Mota nyingi za kazi hii, kwa umeme wetu wa hezi 50, huzunguka kama mara 1,400. Zidisha 300 kwa 700, gawanya kwa 1,400: puli ya mota iwe ya milimita 150, ukipima pale mkanda unapokaa, si ukingoni.

Hiyo nyepesi yako nadhani ni ya 2,800. Ukiifunga puli ya zamani, pampu itakwenda mara mbili ya inavyotakiwa. Wiki ya kwanza utafurahi, tangi linajaa upesi. Halafu vali zinaungua, ringi zinalika, upepo unatoka na oili na kuharibu rangi ya gari la mteja. Mota nayo inalemewa, maana pampu ikienda mbio hivyo hudai nguvu karibu maradufu. Utaniambia utaweka puli ya 75. Hesabu inakubali, lakini mkanda mpana wa B haupendi kupindwa kwenye puli ndogo namna hiyo, utapasuka mapema. Tafuta ya 1,400, hata ikikugharimu zaidi.

Na hizo hospawa 3 usizisadiki kwa kuandikwa tu. Hospawa 3 ni wati 2,200 na ushee. Soma ampia. Kama kibati kinasema 9, zidisha kwa volti 230: unapata 2,070, na hapo hatujatoa zinazopotea kwa joto. Mota hiyo ni ya hospawa 2 iliyovikwa kibati cha kaka yake. Ya kweli, kwa umeme wa njia moja, hula ampia 13 hivi. Ukikuta hezi 60 na 1,725, hiyo ni ya umeme wa Marekani, pita.

Pima na shafti. Puli ya tundu la milimita 28 kwenye shafti ya 24 itacheza, na vijana wataijaza kipande cha kopo la soda. Kataa. Ipeleke kwa wachonga vyuma wa Gerezani wakuchongee bushi, na ufunguo wa puli ukae sawasawa.

Lakini kwanza jua kilichoiua ya zamani. Vua mkanda, zungusha pampu kwa mkono. Ikiwa ngumu, mota mpya nayo itaungua. Sikiliza swichi ya presha pia: kompresa ikizima lazima uisikie ikipumua pssss. Isipopumua, mota inawashwa huku inasukuma upepo uliobaki kwenye bomba. Au ni maji? Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa bondeni walihamishiwa Mabwepande, na tangu hapo mto Msimbazi umeingia hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi. Wewe bado unaweka mota sakafuni! Itengenezee jukwaa la chuma, juu kuliko alama ya maji ukutani.

Siku ya kufunga, vuta uzi usoni mwa puli zote mbili, zikae mstari mmoja. Mkanda ukiubonyeza kwa kidole gumba uzame kama sentimita moja. Washa kidogo uone kama gurudumu linafuata mshale wake: mapanga yapulize kuelekea silinda. Kisha rudisha kava la mkanda, usiliegemeze ukutani kama ulivyozoea.

Nitumie picha za vibati vyote viwili kwa WhatsApp kabla hujalipa. Machungwa ya mama yako yanakuja na basi la Ijumaa, kayapokee mwenyewe.

Mimi mjomba wako