Kadi ya watwana

Poleni kwa ukimya, TP imetubana kweli kweli. Mimi nimepangiwa nyumbani, hapa Kahororo, na rumeti wangu wa hosteli, mtu wa Kilwa Masoko, naye kaangukia Bukoba, basi tumempa chumba cha uani. Usiku tukimaliza maandalio ya somo tunafungua laptopu yake. Gemu ni moja tu, Civilization VI.

Kwa wasioijua: unapewa taifa toka enzi za kale, mnacheza kwa zamu. Unachagua serikali, halafu unapanga kadi za sera, za jeshi, za uchumi, za diplomasia. Na unajenga maajabu. Rumeti ana ugonjwa wake, kila mchezo lazima ajenge Kilwa Kisiwani. Imo jamani, tangu nyongeza ya 2018! Inataka ardhi tambarare kando ya bahari, na ukiimaliza unapata wajumbe 3 wa kupeleka kwenye miji huru. Nikamwambia waliotengeneza wangefika Katuruka, pale Maruku, wakaona mabaki ya tanuri za chuma za miaka 2,000 na zaidi, na sisi Wahaya tungekuwa na letu. Kacheka mpaka basi.

Sasa juzi tumefikia ukabaila, ikaja kadi ya watwana. Kawaida kibarua anafanya kazi 3 anaisha. Ukiweka kadi hiyo, kila kibarua mpya anafanya 5. Rumeti akasema weka haraka, ni ya bure hiyo.

Bibi alikuwa kakaa pembeni anachambua maharage. Nikamweleza kwa Kihaya. Akauliza, "Hizo mbili za juu anamfanyia nani?"

Wadau, baba yake bibi alikuwa mtwarwa. Kibanja alikilima yeye, migomba kaipanda yeye, lakini ardhi ilikuwa nyarubanja ya mtwazi, kwa hiyo mikungu na pombe vilipelekwa kule. Sheria ya kuwapa watwarwa haki ya ardhi ilikuja 1965, bibi keshakuwa msichana mkubwa. Kwenye gemu ukikamilisha hatua ya utamaduni unaitoa kadi bila kulipa hata senti!

Na hiyo ndiyo mada yangu ya Jumatatu: ukabaila, yaani nyarubanja, ubugabire na umwinyi. Vitabu vinaimaliza kwa mistari michache. Ila darasani kwangu wajukuu wa watwazi na wa watwarwa wanakaa dawati moja, na kuna vibanja ambavyo bado vina maneno chini kwa chini.

Nimeamua nitaichora kadi ubaoni, niwaulize swali la bibi. Bibi kakubali, kwa sharti nisitaje ukoo wa mtu. Rumeti naye kasema umwinyi nimwachie yeye, wa kwao Kilwa anaujua. Kadi hatujaiweka bado, zamu ni yake na luku imekata.