Mwili na Ujira

Swali la kama yafaa mtu abadili umbo lake kwa ajili ya fedha huulizwa kana kwamba limezaliwa mijini juzi. Katika nchi za Meru na Embu ni swali la zamani, nami jibu lake la kwanza nililiona katika masikio ya babu yangu.

Zamani vijana wa huko walitogwa masikio kabla ya kutahiriwa. Tundu lilipanuliwa kidogo kidogo kwa vijiti, kila kijiti kinene kuliko kilichotangulia, mpaka ndewe ikaning'inia na kubeba pambo. Maumivu hayo hayakulipwa hata senti moja. Mtu aliyapokea ili ahesabiwe miongoni mwa wenzake. Babu alipotoka Runyenjes kwenda mjini kutafuta kazi ya kuandalia wageni chakula, mwajiri alimwambia kuwa masikio kama yale hayafai kuonekana mezani. Basi ndewe zikakatwa, zikashonwa. Kazi ilidumu miaka miwili. Makovu alikwenda nayo kaburini, na katika baridi ya Julai alikuwa akiyasugua kwa kidole gumba. "Nilikuwa na watoto," ndivyo alivyojibu alipoulizwa, wala sioni haki ya kumlaumu mtu mwenye njaa. Lawama ni ya yule aliyenunua kazi ya mikono akataka na masikio.

Mwajiri akiomba ndevu zinyolewe au nywele zifungwe, sioni dhuluma kubwa. Nywele huota tena, na mfanyakazi akiacha kazi huirudia sura yake. Yasiyorudi ndiyo yenye matata, kwa kuwa ujira hukoma na kovu halikomi.

Wala tusidhani kuwa fedha ina nguvu juu ya mwili kuliko heshima. Mwaka 1956 baraza la Njuri Ncheke la Meru lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana, na waliokaidi wakatozwa faini. Faini ni fedha pia, ila huvuta upande wa pili. Hata hivyo wasichana wengi walikatana wenyewe kwa wenyewe kwa wembe, wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri". Walilolifanya lilikuwa la hatari, nami silisifu. Lakini laonyesha kuwa hawakuogopa kupoteza shilingi kama walivyoogopa kubaki watoto machoni pa wenzao.

Leo fedha na heshima zimetiwa pamoja ndani ya kopo dogo la mafuta ya kujichubua. Msichana huambiwa kuwa weupe utampatia kazi ya kupokea wageni ofisini, au mume mwenye mali. Baadhi ya mafuta hayo yana zebaki, ambayo huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha hupenya katika damu na kudhuru figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza katika nchi za nje vipodozi vyenye zebaki kupita kiasi kidogo sana, lakini vingine vingali vikiuzwa kwa siri. Mafuta mengine yana haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha mabaka ya weusi wa kibuluu pale pale palipotakiwa weupe. Na mtu akiacha kupaka, rangi yake ya kwanza huanza kurudi. Hivyo hana budi kununua kopo jingine, na jingine tena, kwa mshahara ule ule uliomfanya aanze. Na siku mshahara utakapokatika, atabaki na deni dukani, na figo ambazo mwenye duka hawezi kumrudishia.