Mtoto Amelipataje Jibu?

Kila muhula unapokwisha wazazi huja kwangu na karatasi za watoto wao mkononi, na neno lao la kwanza ni hili, "Mwalimu, amepata ngapi?" Swali hili si baya. Mzazi aliyeuza mbuzi wake ili anunue sare na madaftari ana haki ya kujua mali yake imezaa nini. Walakini, tangu nilipoanza kusoma habari za watu wanaochunguza jinsi watoto wanavyojifunza hesabu, naona liko swali jingine lipasalo kuulizwa pamoja na hilo, nalo ni, "Amelipataje jibu lake?"

Sikilizeni kwanza habari ya mbali, ya mji wa Recife ulio kando ya bahari katika nchi ya Brazili. Huko watoto wa maskini walikuwa wakiwasaidia wazazi wao kuuza nazi, mahindi na vitu vingine sokoni na njiani. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto watano wa namna hiyo, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Waliwaendea mahali pa biashara kama wanunuzi, wakawauliza bei ya vitu hivi na chenji ya fedha hizi. Katika kila maswali 100 ya sokoni, watoto walijibu sawasawa kama 98. Baadaye wakapewa karatasi na kalamu, na hesabu za tarakimu tupu zilizotokana na zile za sokoni, pasipo kutajwa nazi wala fedha. Safari hii hawakupata ila kama 37 katika kila 100.

Mmoja wao, mwenye miaka 12, aliulizwa bei ya nazi 4, na bei ya nazi moja ilikuwa 35. Akaanza na nazi tatu, ambazo ni 105. Akaongeza 30, ikawa 135. Kisha akamalizia zile 5 zilizosalia, akapata 140. Hakukosea. Lakini alipopewa 35 mara 4 katika karatasi, alisema kwamba nne mara tano ni 20, akashika 2. Mbili na tatu ni tano, na tano mara nne ni 20. Akaandika 200. Hesabu ni ile ile, na mtoto ni yule yule. Sokoni alijua anahesabu nini. Katika karatasi alifuata kanuni ambayo hakujua sababu yake, akajumlisha kabla ya kuzidisha, wala hakushtuka. Kama angalidai 200 kwa nazi zile, mnunuzi angalimkatalia pale pale, naye mwenyewe angalijua kwamba amepotea.

Nilipoisoma habari hii nilikuwa na mvulana mmoja darasani ambaye baba yake alikwisha kukata tamaa. Aliniambia, "Mwalimu, huyu hana kichwa cha hesabu. Afadhali abaki nyumbani achunge." Nikamwuliza, "Mzee, siku ya gulio nani anauza karanga zako?" Akajibu, "Ni yeye." Nikasema, "Huleta fedha pungufu?" Akasema, "La, hajapoteza hata shilingi." Nikamwambia, "Basi, Mzee, kichwa anacho. Niachie mimi." Tangu siku ile kila hesabu ya ubaoni nilimwomba anieleze kwanza kwa vikombe vya karanga, ndipo tukaiandika pamoja, hatua kwa hatua, ili aone kwamba kanuni ya karatasi hufanya kazi ile ile aifanyayo yeye sokoni. Kazi hiyo ilichukua miezi mingi. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini alibaki shuleni, na baba yake hakumtaja tena mbele ya watu kuwa mjinga.

Wala msidhani kwamba shida hii ni ya nchi maskini tu. Huko Grenoble, Ufaransa, yapata mwaka 1980, wachunguzi waliwapa watoto wadogo 97 swali hili: Katika meli mna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto hao, 76 walitoa jibu kwa kutumia zile tarakimu, wengi wakijumlisha na kupata 36. Watoto hao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamezoea kwamba swali la mwalimu lina jibu sikuzote, na kwamba kazi ya mwanafunzi ni kuzichukua tarakimu na kuzifanyia jambo fulani.

Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Richard Skemp, aliandika mwaka 1976 kwamba ufahamu wa hesabu ni wa namna mbili. Yuko ajuaye kanuni pasipo sababu, na yuko ajuaye la kufanya pamoja na sababu yake. Alifananisha jambo hili na mgeni mjini. Mmoja amefundishwa njia moja tu, pinda hapa, nyoka pale. Akikosea kona moja amepotea kabisa. Mwingine anao mji wote moyoni mwake. Njia moja ikizibwa, atapita nyingine. Skemp mwenyewe alikubali kwamba namna ya kwanza huleta majibu upesi, na ndiyo sababu sisi walimu huipenda, hasa mtihani unapokaribia.

Huko Marekani, katika habari iliyotolewa mwaka 1999, wanafunzi 145 wa darasa la sita waliulizwa namba gani ijaze nafasi hii: 8 + 4 = __ + 5. Wote, bila kusalia hata mmoja, waliandika 12 au 17. Jibu ni 7. Waliiona alama ya sawasawa kama amri ya kusema "toa jibu", wala si neno la kusema kwamba pande mbili zina uzito mmoja. Niliwapa wanafunzi wangu swali hilo hilo, na walio wengi waliandika 12. Ndipo nikaazima mizani ya dukani, nikaweka kokoto 8 na 4 upande mmoja, na 5 upande wa pili, nikakaa kimya. Msichana mmoja akainuka, akaongeza kokoto moja moja mpaka mizani ikatulia, akasema, "Ni saba, Mwalimu!" Siku ile sikuhitaji kueleza mengi.

Sisemi kwamba kukariri ni kazi bure. Mtoto asiyejua saba mara nane kwa moyo atachoka kabla hajafika katikati ya hesabu kubwa. Tena hesabu ya sokoni peke yake haitoshi. Atakayepima shamba au kutunza vitabu vya chama cha ushirika hana budi kujua kuandika hesabu yake hata mwingine aweze kuikagua. Lakini kanuni isiyo na sababu ni kama jembe lisilo na mpini.

Kwa hiyo nawasihi, enyi wazazi, hata ninyi mliosoma kidogo. Mtoto arudipo jioni, mwambieni, "Nieleze ulivyofanya." Msikilizeni mpaka mwisho, jibu lake likiwa sahihi au la. Akikosea, msimwite mjinga, kwani mara nyingi kosa lake lina njia yake, na njia hiyo ikijulikana, inaweza kunyoshwa. Nasi walimu tufanye vivyo hivyo darasani, ijapokuwa watoto ni wengi na saa ni chache. Mtoto aliyeambiwa akiwa na miaka kumi kwamba hana kichwa cha hesabu huyaamini maneno hayo, na huacha kujaribu muda mrefu kabla hajaacha shule.