Msiba Uliopigwa Chapa

Mfiwa hutafuta pa kuuweka msiba wake. Mmoja humpa mtoto jina la marehemu, mwingine huotesha mti kaburini. Caligula, kaisari wa Roma, aliupiga chapa kwenye shaba.

Mama yake, Agrippina, alikufa kwa njaa mwaka 33 katika kisiwa cha Pandateria, uhamishoni, wakati wa utawala wa Kaisari Tiberius. Mwaka 37 mwana akawa kaisari. Alipanda chombo mwenyewe kwenda kuyachukua majivu ya mama, akayazika Roma katika kaburi la ukoo lililojengwa na Kaisari Augustus. Kisha ikatoka sestertius, sarafu nzito ya shaba yenye upana wa kama sentimita tatu na nusu. Upande mmoja ni sura ya mama, nywele zimesukwa zikamwangukia kisogoni. Upande wa pili ni gari la magurudumu mawili, lenye paa, linalovutwa na nyumbu wawili: ndilo lililobeba sanamu yake katika maandamano ya michezo. Machozi ya mwana yakaingia sokoni, yakanunua mkate.

Lakini kulikuwa na vilio vya namna nyingine. Yerusalemu ilipoanguka mikononi mwa Warumi mwaka 70 na Hekalu kuteketezwa, Kaisari Vespasian naye alitoa sestertius zake. Katika moja, chini ya mtende ameketi mwanamke, kichwa amekiegemeza mkononi. Ndiye Yudea, nchi iliyotekwa. Anaomboleza, ila aliyemchora hakukusudia kumpa pole. Huzuni yake ilitolewa ili mshindi ajisifu, ikapita mkono kwa mkono miongoni mwa watu wa dola iliyomliza.

Wala ukuu haukuulinda msiba wa Caligula. Aliuawa mwaka 41, na baadaye Seneti ikaamuru sarafu za shaba zenye sura yake ziyeyushwe. Jiwe lililohifadhi majivu ya mama yake, katika zama za kati watu walilifanya kipimo cha nafaka. Leo limo katika makumbusho ya Capitolini, Roma.

Ukizikuta sarafu hizi ndani ya kabati la makumbusho, usimlilie Agrippina peke yake. Yeye alililiwa na mwana mwenye dola. Mkumbuke na yule wa chini ya mtende, kwa sababu nyuma yake wapo wanawake wa Yerusalemu waliozika watoto wao, na hakuna aliyewapigia sarafu.