Alasiri Kwenye Ziwa Furzton

Milton Keynes, kaskazini-magharibi mwa London, ni mji ulioanzishwa mwaka 1967, na baadhi ya maziwa yake yalichimbwa ili yapokee maji ya mvua yasifurike mitaani. Furzton ni mojawapo. Mtu wa Mwanza akiliona ataliita bwawa: ng'ambo inaonekana wazi, na wakimbiaji wa jioni hulizunguka na kurudi walikoanzia. Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800. Hata hivyo, alasiri moja ya Julai nilikaa ukingoni mwa Furzton na swahiba wangu wa Kirumba, Mwanza, aliyehamia huko zamani, pamoja na jirani yake, Mwingereza mstaafu. Swahiba humwita "mzee", na mwenyewe amekwisha kulizoea jina.

Huko hutii ndoana majini kabla ya kuwa na karatasi zako. Leseni ya serikali inamhusu kila mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea, na juu yake kuna kibali cha chama kinachosimamia uvuvi wa ziwa lenyewe. Kwetu nimezoea kuona leseni kwa wenye mitumbwi na biashara. Kijana aliyekaa juu ya jabali na ufito wake sijapata kumwona akiulizwa kitu.

Chambo kilinishangaza. Funza wanauzwa dukani, wengine wametiwa rangi nyekundu, na swahiba huwahifadhi kwenye friji, jambo ambalo shemeji yangu hajalikubali mpaka leo. Kuna pia mahindi matamu ya kopo. Mzee alifinyanga matonge ya unga wenye harufu tamu, akayarusha kwa manati mpaka pale kiboya chake kilipokuwa, ili samaki wakusanyike. Sisi manati tuliitumia kwa ndege tu.

Nikauliza kuhusu chubwi. Kwetu kipande chochote kizito hufaa: risasi, nati, hata jiwe. Uingereza, chubwi nyingi za risasi zimekatazwa tangu mwaka 1987, kwa sababu ya mabata maji. Ndege hao humeza vijiwe vya kusagia chakula firigisini, wakawa wanaokota na vipande vya risasi vilivyoachwa na wavuvi, wakafa kwa sumu. Sheria nzima ikabadilisha vifaa vya wavuvi ili kuokoa ndege asiyeliwa na mtu. Nililipenda hilo, na nalipenda bado.

Mwaloni Kirumba kuna makelele ya wachuuzi, matenga ya dagaa, wachukuzi wanaopiga mbio. Furzton watu hunong'ona. Chai ya chupa ilipita mkono kwa mkono, manyunyu yakaja na kuondoka, mazungumzo yakafika Mwanza na kurudi. Samaki wadogo wenye mapezi mekundu waliendelea kuja mmoja mmoja, nao wote walirudishwa.

Jua lilipopoa, kiboya cha swahiba kilizama ghafla na ufito ukapinda. Ilikuwa karpi, samaki mnene mwenye sharubu na magamba makubwa, yuleyule anayevuliwa na kuliwa Naivasha, Kenya. Mzee akatanguliza wavu wa mpini chini yake, kisha akamlaza juu ya kigodoro kilicholoweshwa.

"Lowesha mikono kwanza," akaniambia, nami nikafanya hivyo. Ute wa samaki ndio kinga yake dhidi ya magonjwa, na mkono mkavu huuondoa. Ndoana ilikuwa haina chembe, ile ncha ya nyuma inayomzuia samaki asichomoke, hivyo ilitoka mara moja. Akapimwa, akarudishwa majini.

"Mwanzoni iliniuma, kaka," swahiba akasema. "Kitoweo cha watu wanane, unakitazama kinaogelea."

Mimi bado inaniuma. Nimelelewa na samaki, na kumtoboa mdomo kiumbe ambaye hutamla ni jambo ambalo moyo wangu haujalikubali. Lakini mzee alinionyesha gamba lililokosekana ubavuni, akasema alikwisha kumvua samaki huyo miaka ya nyuma. Vivyo hivyo wavuvi wenzake wa nchi nzima wanamjua kwa jina Clarissa, karpi mwingine wa ratili 44 aliyenaswa na Richard Walker mwaka 1952 akapelekwa bustani ya wanyama ya London. Ukimjua samaki kwa sura, unajali kama maji yake ni safi.

Linalonigusa zaidi ni chanzo cha sheria zao. Msimu wa kufunga uvuvi wa samaki kama karpi uliwekwa mwaka 1878, kwa mswada wa A. J. Mundella, mbunge wa Sheffield, mji wa mafundi wa vyuma waliokuwa na vyama vyao vya kuvua. Waliotaka mito ipumzike walikuwa wavuvi wenyewe. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, wengi mialoni walilipokea kama amri ya kutoka juu. Sangara wa chini ya sentimita 50 amekatazwa Ziwa Victoria, na bado wanamwuza. Samaki wetu na tuwale, ndiyo kazi yao. Ila yule mchanga arudishwe na mkono uleule uliomvua, bila kusubiri doria, na vikao vya mialo ndivyo vilianze jambo hilo.

Msomaji utakayefika Uingereza, nunua leseni mapema, maana hupatikana kwa intaneti. Mito hufungwa kwa samaki kama karpi kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni. Maziwa mengi yako wazi mwaka mzima, lakini uliza chama cha mahali hapo kabla hujafungua mkoba.