Viwanda vya Barabara ya Pugu Havikufa, Vilibadilishwa Kazi

Sisi tuliokulia Dar es Salaam katika miaka ya 1970 tunaikumbuka Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, kwa vitu vilivyotoka humo: sigara, viatu, mabati, unga, vitambaa. Saa za kubadilishana shifti zilijulikana mtaa mzima, na watu wengi wa Keko, Temeke na Buguruni walikwenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli. Ukipita leo utaona maghala, yadi za makontena, maduka ya magari, fremu za biashara na kumbi za harusi. Kila inapozungumzwa habari ya kulihuisha eneo hili, mazungumzo huanzia kwenye kauli kwamba viwanda vilikufa, kwa hiyo ardhi iko wazi kwa jambo jingine. Kauli hiyo naipinga, kwa sababu inakosea chanzo cha ugonjwa na hivyo kutuandikia dawa isiyofaa. Sehemu kubwa ya eneo hili haikufa. Ilibadilishwa kazi kiwanja baada ya kiwanja, na hapakuwa na kikao kilichoamua kwamba jiji linataka hivyo.

Viwanda havikuwekwa pale kwa bahati. Reli ya Kati inapita sambamba na barabara hiyo, bandari iko karibu, na wakati huo eneo lilikuwa pembezoni mwa mji. Sensa ya 1967 ililikuta eneo zima la mkoa wa sasa wa Dar es Salaam na watu wasiofika 400,000. Sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3. Mji ndio uliovifuata viwanda ukavizunguka. Azimio la Arusha la 1967 lilipofuatwa na utaifishaji, viwanda vingi vikawa vya umma, na kwa miaka kadhaa ajira ya kiwandani ilikuwa ngazi ya uhakika kwa kijana aliyetoka bara akiwa na elimu ya msingi tu. Sisemi enzi hizo zilikuwa za neema tupu. Sote tunakumbuka foleni za sukari na sabuni, na mashirika mengi yaliendeshwa kwa hasara iliyolipwa na hazina.

Anguko nalo lina sababu zinazojulikana. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni viliviacha viwanda bila vipuri na malighafi, hadi katikati ya miaka ya 1980 vingi vikawa vinafanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia, na mwaka 1986 nchi ikatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Miaka ya 1990 ikawa ya ubinafsishaji. Anayedhani mahali ndipo palipoviangusha viwanda hivi atazame mambo mawili. Kwanza, vile vilivyopata mtaji na mashine mpya vilibaki palepale: kiwanda cha sigara cha Chang'ombe, kilichobinafsishwa 1995, na kiwanda cha mabati jirani yake vimeendelea kuzalisha kando ya barabara hiyohiyo. Pili, viwanda vya nguo vya Mutex huko Musoma na Mwatex huko Mwanza, vilivyokuwa mbali kabisa na msongamano wa Dar es Salaam, navyo vilisimama. Kilichoangusha ni uhaba wa mtaji, vipuri na soko, wala si ukaribu na katikati ya jiji.

Kilichofuata ni hesabu ya kawaida ya mwenye kiwanja. Bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi, kuhifadhi kukalipa kuliko kutengeneza. Godauni halihitaji fundi wa mitambo wala umeme wa nguvu kubwa. Linahitaji paa, uzio, walinzi wachache na vibarua wa kushusha mizigo kwa siku. Jengo lililokuwa na shifti tatu likabaki na watu wanaohesabika kwa vidole, na bado likamwingizia mwenyewe kodi nzuri kuliko zamani. Sasa mabasi yaendayo haraka yamejengewa njia kuelekea Gongo la Mboto, na tangu 2024 treni ya umeme inaondoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Miundombinu hiyo ya fedha za umma inapandisha thamani ya kila kiwanja kilicho kando yake, na kishawishi cha kujenga maghorofa ya kupangisha kinazidi.

Hata hivyo, hatua chache kutoka hapo uzalishaji haujakoma. Keko ni ushahidi ulio hai. Sofa moja ya Keko hupita mikononi mwa watu wengi: muuza mbao, mwenye mashine ya kuranda anayelipwa kwa kila ubao, seremala wa fremu, mchongaji wa miguu, fundi wa sponji na kitambaa, mpaka vanishi, kisha mwenye mkokoteni au kirikuu wa kuifikisha kwa mteja. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye kiwanda kizima. Kiwanda ni mtaa wenyewe. Kitambaa kinapoisha, Kariakoo iko karibu. Mteja anayetaka kubadili urefu wa kitanda anafika mwenyewe, anapima, anabishana bei na kuondoka. Wahamishe mafundi hawa mmoja mmoja na utakuwa umebomoa mtandao ambao hakuna fidia ya kibanda inayoweza kuulipa.

Wapo watakaosema mahali pa viwanda sasa ni mkoa wa Pwani, Kibaha na Kwala, penye ardhi tele na reli mpya. Kwa kiwanda cha vigae au chuma nakubaliana nao kabisa. Malori ya mizigo mizito hayana sababu ya kuingia mjini. Lakini fundi anayeuza kitanda kimoja kwa juma hawezi kuishi mbali na mnunuzi wake, na kibarua wa Buguruni hawezi kulipa nauli ya Kwala kila siku. Wengine hutaja uchafuzi, nao wana haki: Mto Msimbazi umepokea majitaka ya viwandani kwa miongo mingi, na mafuriko ya Jangwani huyarudisha maji hayo kwenye nyumba za watu. Hiyo ni hoja ya kujenga mitambo ya kusafisha majitaka na kusimamia sheria ya mazingira. Ukimhamisha mchafuzi bila kumbana, umehamisha uchafu kwenda mto mwingine.

Hoja nzito zaidi ni ya mwenye hati: kiwanja ni chake, kwa nini asikitumie kwa kinacholipa? Jibu limo katika Sheria ya Ardhi ya 1999. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na hati ni haki ya kuitumia kwa muda, kwa masharti. Kubadili matumizi kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji. Kibali hicho ndicho nyenzo yetu, na mpaka sasa tumekitoa kana kwamba ni risiti. Anayetaka kuinua ghorofa kwenye kiwanja cha viwanda na aruhusiwe, ila kwa sharti kwamba ghorofa ya chini ibaki karakana za kupangishwa kwa mafundi wadogo, zenye umeme wa njia tatu, mfereji wa majitaka na mahali pa kushushia mbao. Atapata faida pungufu kidogo kuliko alivyoota, lakini atakuwa amelipia sehemu ya thamani aliyoongezewa na reli na barabara za umma.

Kwa hiyo ninapoletewa mchoro wa kulihuisha eneo hili, siangalii vioo wala miti iliyopandwa kwenye picha. Nauliza ni watu wangapi watakuwa wakitengeneza kitu humo ndani kazi itakapokamilika. Waheshimiwa madiwani na maofisa mipango miji, kabla ya kugonga muhuri kwenye ombi lijalo la kubadili matumizi, mtakeni mwombaji aiandike idadi hiyo, na muiweke kuwa sharti la hati.